Jina Lako Kwenye Mpini wa Brashi



Ndugu zangu wasomaji, mwalimu anayesahihisha makosa ya watoto kila jioni hana budi siku moja asahihishe na la kwake. Leo nawasimulia kosa langu.

Mimi nafundisha madrasa hapa Kasese, na mwisho wa wiki huenda Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, kusomesha darasa la akina dada. Mmoja wao, niliyemfundisha alifu na bee tangu mdogo, siku hizi huremba maharusi. Kazi yake ni ndani, kwa wanawake, na nyumba nyingi zinamwamini. Siku moja baada ya darasa akaniuliza mbele ya wenzake: "Ustadh, nataka kuagiza brashi za poda na za wanja kutoka China, ziandikwe jina langu kwenye mpini. Yafaa?"

Nikamuuliza, "Umezitengeneza wewe?"

"Hapana, Ustadh."

"Basi huo ni uongo, na uongo hauna baraka."

Wenzake wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akafunga daftari lake. Wiki mbili hakuonekana darasani.

Lililonizindua ni jambo dogo. Nilikuwa nagawa madaftari mapya kwa watoto wa Kasese. Kwenye jalada pana jina la madrasa yetu kwa herufi kubwa za kijani. Madaftari yale hatukuyatengeneza sisi. Yalichapwa Kampala, mahali panapochapa daftari lile lile kwa shule nyingi, kila shule na jalada lake. Je, nilikuwa nimewadanganya wazazi? Mzazi anajua kwamba hatuna mashine ya kuchapa. Jina letu pale linamwambia: kurasa zikichomoka, njoo kwetu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari, tukapita Kikorongo hadi Bwera, nikaenda nyumbani kwao. Mama yake akiwa ameketi nasi, nikasema, "Mwanangu, nilikujibu kabla sijauliza. Nisamehe. Hebu nieleze biashara yenyewe."

Akanieleza. Kila akimremba bibi harusi, dada na mashangazi humuuliza brashi zile kanunua wapi, naye huwaelekeza kwenye maduka ya watu. Faida inakwenda kwa mwingine. Kiwanda cha kule tayari kina mashine na kalibu. Wewe unachagua rangi ya mpini, aina ya nywele, idadi ya brashi katika seti na mfuko wake. Wao wanachapa jina lako. Sharti ni kuagiza kiasi fulani kwa mara moja. Hapo nikaelewa kwa nini jambo hili linawavuta vijana wengi. Mtu asiye na kiwanda wala ekari moja ya ardhi anaweza kuwa na bidhaa yenye jina lake, na mteja akairudia kwa jina. Hasara zake pia alizijua: brashi ile ile huenda inauzwa kwa majina kumi, na mtaji wote unakaa ndani ya mzigo ambao hujauona.

Kisha akaniletea sampuli tatu. Ya kwanza, wakala alisema ni nywele za mbuzi. Ya pili alisema tu ni za mnyama. Ya tatu alisema ni za nailoni.

Hapa ndipo fiqhi ilipoingia, na ndipo nilipopaswa kuanzia tangu mwanzo. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, nywele zilizokatwa kwa mbuzi aliye hai ni twahara. Nywele za nyamafu ni najisi, na nguruwe ni najisi mwili mzima. Najua madhehebu mengine yana wasaa zaidi katika nywele. Lakini nywele za nguruwe hutumika sana duniani katika brashi ngumu, na hii ni brashi ya kupitishwa usoni.

Tukachomoa unywele mmoja mmoja, tukawasha kiberiti. Nywele ya kweli ikiungua hunuka kama nywele, na majivu yake husagika vidoleni. Ya plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ile ya "mbuzi" iliyeyuka. Ya pili ilinuka nywele, na wakala alipoulizwa ni mnyama gani, hakujibu. Ya tatu iliyeyuka, kama alivyosema mwenyewe.

Nikakumbuka kisa tunachowasomesha watoto, kilichopokewa na Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaambiwa kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, na akaonywa vikali juu ya udanganyifu. Ndugu zangu, kisa hiki nimekifundisha miaka mingi bila kutambua jambo moja: hatusomi kwamba mtu yule aliulizwa kama chakula kile alikilima mwenyewe. Lawama ilikuwa juu ya kilichofichwa chini.

Binti yule akachagua ile ya tatu. Wenzake katika biashara walimshauri aandike "nywele za mbuzi", bei ipande. Akakataa. Kwenye mfuko akaandika jina lake, na chini yake: nywele za nailoni, zimetengenezwa China. Mzigo ulipofika, brashi kadhaa zilikuwa zimelegea shingoni. Waliozirudisha aliwabadilishia bila ubishi, na faida ya mzigo ule ikawa ndogo sana. Alipokuwa akihesabu aliniambia, "Ustadh, jina ni zito." Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana si uongo.

Lilibaki deni langu. Nilimuaibisha mbele ya watu, na msamaha wa sebuleni hautoshi kwa aibu ya darasani. Aliporudi, nilisimama mbele ya wote nikasema nilikosea, na nikaeleza wapi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Enyi wazazi na wanafunzi, kijana akikuleteeni biashara msiyoijua, muulizeni kwanza kuna nini ndani yake. Na sisi walimu tusione uzito kusema "ngoja niulize".

Allah atujaalie chumo la halali na ndimi zisizotangulia elimu. Aamiin.

Wallahu a'lam.