Nani Panki wa Kweli? Kumbukumbu za London, 1976 hadi 1979

Nilifika London mwaka 1975 nikitokea Tanga, kusomea ufundi wa umeme. Jumamosi nilikuwa na kibarua katika duka la santuri upande wa mashariki wa jiji, mali ya mzee mmoja wa Kijamaika. Nilipanga santuri kwenye rafu, nikapokea fedha, na mzee alipojua kwamba naweza kuchomelea nyaya, akaanza kunipa amplifaya za vijana wenye bendi nizitengeneze. Hivyo ndivyo nilivyoishuhudia panki, muziki mpya wa vijana hao. Niliishuhudia nyuma ya kaunta, nikiwasikiliza mashabiki wake wakigombana kutwa nzima.

Mtu aliyekulia Tanga hatishwi na ugomvi wa muziki. Kwetu, ukisema wewe ni wa Jamhuri Jazz, jirani yako wa Atomic Jazz alikuwa na la kukujibu, na upande wa taarabu walikuwapo Black Star na Lucky Star. Lakini sisi tulibishana nani bora. Wale vijana wa London walibishana nani wa kweli. Mtu angeweza kukiri kwamba bendi fulani inapiga vizuri, halafu akaapa kwamba si panki hata kidogo, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa hukumu iliyo nzito zaidi.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa nani alitangulia. Wengine walisema panki ni ya New York, ya klabu ya CBGB, na ushahidi wao ulikuwa albamu ya kwanza ya Ramones ya mwaka 1976, nyimbo 14 zilizokwisha kabla ya nusu saa. Ramones walipiga kwenye ukumbi wa Roundhouse, London, tarehe 4 Julai mwaka huo, na kila kijana aliyeingia dukani alidai kwamba alikuwapo. Wengine walikataa katakata: kwao panki ilianza na Sex Pistols. Hapo akatokea wa tatu kuwakumbusha kwamba santuri ya kwanza ya panki ya Kiingereza haikutolewa na Sex Pistols. Ilitolewa na The Damned, Oktoba 1976, mwezi mmoja na zaidi kabla ya wenzao. Kelele zikaanza upya.

Halafu ikaja tarehe 1 Desemba 1976. Bendi ya Queen ilikuwa ihojiwe kwenye televisheni ya jioni, ikaghairi, na EMI, kampuni ya bendi zote mbili, ikawapeleka Sex Pistols kuziba pengo. Vijana hao wakamtukana mtangazaji Bill Grundy hewani, saa ambayo familia zinakunywa chai. Kesho yake magazeti yote yalikuwa na habari hiyo, maonyesho yao mengi yakafutwa, na haukupita muda EMI ikavunja mkataba nao. Vijana wa dukani waliichukia Queen kwa madoido yake, wakaiona ndiyo kila kitu ambacho panki imekuja kukiondoa. Wachache sana kati yao walijua kwamba mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Mimi niliyetoka ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari nilinyamaza, nikawaza jinsi jioni ile moja ilivyogeuza muziki wa nchi nzima kwa sababu tu kijana wa Zanzibar na wenzake hawakutokea.

Januari 1977 ugomvi ulibadilika, ukawa wa fedha. The Clash walitia saini na kampuni ya CBS kwa pauni 100,000. Mark Perry, karani wa benki wa zamani aliyeanzisha jarida la kurudufu la Sniffin' Glue, alitangaza kwamba siku hiyo panki ilikufa. Wapo waliomwamini na wakaapa kutonunua tena santuri ya The Clash, ingawa wengine wao niliwafungia albamu ya kwanza ya bendi hiyo kwenye mfuko kwa mikono yangu ilipotoka mwezi wa nne.

Mwezi uleule wa Januari, Buzzcocks wa Manchester walifanya kinyume. Walikuwa wamekopa pauni 500 kwa marafiki na jamaa na kurekodi nyimbo nne, wakachapa nakala 1,000 kwa lebo yao wenyewe, bila bosi wala wakala. Santuri hiyo, Spiral Scratch, iliuzwa ikachapwa tena na tena. Kwangu fundi, hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko pini mashavuni na nywele zilizosimama. Wakati huo ulisambaa mchoro wa jarida jingine dogo ukionyesha jinsi vidole vinavyoshika nyuzi za gitaa kwa namna tatu, chini yake ukimwambia msomaji kwamba sasa anaweza kuunda bendi. Vijana waliuamini kwa dhati. Walikuja dukani na amplifaya zilizonunuliwa mitumba, nyaya zimekatika, spika zimechanika, wakaniomba niziponye kabla ya saa moja usiku kwa sababu wana onyesho. Wengine walikuwa hawajatimiza mwezi tangu washike gitaa.

Ugomvi mwingine ulikuwa wa nasaba. Joe Strummer wa The Clash alikuwa mtoto wa mwanadiplomasia, kazaliwa Ankara na kusomeshwa shule ya bweni. Mtu kama huyo atawaimbiaje watoto wa maghorofa ya halmashauri? Kwa kijana mmoja mbeba mizigo wa bandarini hoja hiyo ilitosha kumfuta Strummer kabisa. Mzee mwenye duka ndiye aliyemjibu. Aliitoa albamu ya kwanza ya The Clash kwenye jalada, akaweka sindano kwenye wimbo wa Police and Thieves, ambao mwenyewe ni Junior Murvin wa Jamaika. Aliusikiliza wote, dakika sita, kisha akasema: "Mpigaji ngoma anaburuta miguu. Lakini wamekuja kubisha hodi, hawakuingia dirishani." Kwa mzee aliyeishi Uingereza miaka mingi akisukumwa na kutukanwa barabarani, adabu ile ilikuwa na uzito.

Mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa tayari na Don Letts, kijana wa London mwenye wazazi Wajamaika, aliyepiga santuri kwenye klabu ya Roxy, mtaa wa Neal. Santuri za panki zilikuwa bado hazijafika za kujaza usiku mmoja, kwa hiyo kati ya bendi na bendi aliwapigia rege. Vijana wa panki wakaizoea, wakaipenda, wakaja kwetu kuitafuta. Kabla ya mwaka 1977 kwisha, Bob Marley mwenyewe alikuwa ameimba juu ya udugu huo.

Jumamosi moja ya vuli, msichana aliyefanya kazi jikoni hospitalini aliwasikiliza wavulana wakipanga orodha ya bendi kumi za kweli. Walipomaliza akawauliza: "Mbona wote ni wanaume?" Hakungoja jibu. Alinunua santuri mpya ya X-Ray Spex, akaniomba niiweke papo hapo kwa sauti ya juu. Kati ya magitaa ikasikika saksafoni, na mvulana mmoja akalalamika kwamba chombo hicho si cha panki. Yule msichana akamtazama tu.

Sauti iliyoimba kwenye santuri ile ilikuwa ya Poly Styrene, mtoto wa baba Msomali na mama Mzungu, aliyelelewa Brixton. Mwaka 1976, siku aliyotimiza miaka 19, aliwaona Sex Pistols wakipiga mjini Hastings, kisha akatangaza gazetini kwamba anatafuta vijana wa kuunda bendi. Alivaa nguo za rangi kali na vyuma vya kunyooshea meno, na aliimba juu ya plastiki, maduka, matangazo, na watu kugeuzwa bidhaa. Hakufanana na mtu yeyote wa kwenye ile orodha. Kwangu mimi, kijana wa Afrika Mashariki, kumwona binti mwenye damu ya pwani ya jirani akisimama mbele ya bendi ya Kiingereza bila kumwomba mtu radhi kulikuwa ni kuambiwa kwamba na mimi nina haki ya kuwapo pale.

Haki hiyo ilikuwa ikipingwa mitaani. Chama cha National Front kilikuwa kikipata kura, na kilifanya maandamano ya kudai watu weusi na Waasia wafukuzwe. Agosti 1976, Eric Clapton, mtu aliyetajirika kwa muziki wa Weusi, alisimama jukwaani Birmingham akawasifu wanaotaka wageni waondoke. Barua ya hasira ikaandikwa magazetini, na kutokana nayo likazaliwa vuguvugu la Rock Against Racism. Kanuni yake ya jukwaani ilikuwa nyepesi: bendi ya panki na bendi ya rege zipige usiku mmoja, mahali pamoja.

Tarehe 30 Aprili 1978 vuguvugu hilo liliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park. Mzee nami tulikwenda. Watu walikadiriwa kufika 80,000 au zaidi. Poly Styrene aliimba akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Walikuwapo Steel Pulse wa Birmingham na rege yao, na Tom Robinson, aliyeimba waziwazi juu ya haki za mashoga wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa hatari. The Clash walipopiga, akapanda Jimmy Pursey wa Sham 69 kuimba nao. Wengi walimshuku kwa sababu maonyesho yake yalikuwa yakivamiwa na wafuasi wa National Front. Siku hiyo alionyesha mbele ya watu wote yuko upande gani, na yule mbeba mizigo wa bandarini, niliyekuwa nimesimama naye bega kwa bega, alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeuliza nani kasoma wapi.

Siku nne baadaye, tarehe 4 Mei, Altab Ali, fundi cherehani kijana wa Kibengali, aliuawa na wabaguzi karibu na mtaa wa Brick Lane, mashariki mwa London, akirudi nyumbani kutoka kazini. Maelfu waliandamana nyuma ya jeneza lake hadi kwa Waziri Mkuu. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Aprili 1979, National Front ilifanya mkutano Southall, mtaa ambao nilikuwa nakwenda kununua bizari na kuongea Kiswahili na Wahindi waliotoka Kenya na Uganda. Wenyeji walipopinga, polisi wakawashambulia. Mwalimu Blair Peach alipigwa kichwani akafa. Clarence Baker, meneja wa bendi ya rege ya Misty in Roots, alipigwa hadi akazirai. Bendi ya panki ya The Ruts, ambayo santuri yake ya kwanza ilitolewa na lebo ya hao hao Misty in Roots, iliimba wimbo juu ya kipigo hicho. Uchaguzi wa mwezi uliofuata National Front ilianguka vibaya, na haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo.

Poly Styrene alifariki mwaka 2011, Joe Strummer mwaka 2002. Mzee wangu wa duka naye ametangulia. Bado nakutana na watu wa rika langu, na vijana wa leo pia, wanaobishana ni bendi ipi panki wa kweli, wakipima kasi ya ngoma, mkataba, na mavazi. Mabishano hayo nayapenda na nawaombea yasiishe, maana mashabiki wasiobishana wamekwisha kuuacha muziki wao ufe. Lakini mkiniuliza mimi niliyekuwapo, kipimo ninacho. Panki ni aliyefanya bila kungoja ruhusa, kisha mtu wa pembeni alipotaka kupanda jukwaani, akampisha, na alipoandamwa, akasimama naye. Kwa kipimo hicho Buzzcocks wamo, The Clash wamo, pauni 100,000 na yote, The Ruts wamo, na wa kwanza wao wote ni yule binti wa Msomali na saksafoni ya bendi yake. Aliyelinda mlango ili wengine wasiingie, hata awe na pini ngapi, hakuwa panki.