Leza Tagi Kwenye Pagale: Siku Kijana Wetu Alipotimiza Miaka 7

Lau mtu angetuambia, siku zile tunasingwa kwa liwa na dalia, kwamba itafika siku tutakesha mezani tunahesabu betri za bunduki za kuchezea, tungemcheka mpaka tukaharibu singo. Mabiharusi mnaosoma hapa, chekeni tu. Zamu yenu inakuja, inshaallah.

Sisi ni wawili: mama mtu na shangazi mtu, mawifi tunaokaa nyumba moja, jiko moja na Bibi mmoja, ambaye ni mama wa mmoja wetu na mkwe wa mwenziwe. Kijana wetu alikuwa anatimiza miaka 7. Mwaka uliopita aliridhika na keki na maputo. Mwaka huu alikuwa ameshazungumza kwa simu na binamu zake walioko Dubai, wamemwonesha ukumbi wa giza, taa za rangi, fulana zinazowaka kifuani, na watoto wanakimbizana kwa bunduki za mwanga. Basi ikawa asubuhi leza tagi, jioni leza tagi, hata chuoni ustadhi wake akatuuliza hii leza tagi ni kitu gani.

Kabla hatujaendelea: tunajua kwamba masheikh wetu wametofautiana kuhusu kusherehekea siku ya kuzaliwa, na wapo jirani zetu ambao hawafanyi kabisa. Hatubishani nao, na hatukuwapa kadi ili wasione taabu kukataa. Kwetu sisi ni siku ya dua, chakula na watoto kucheza.

Kaka yetu akatuma seti 4 ndani ya begi la mgeni aliyekuwa anarudi. Kila seti ina bunduki ya plastiki na fulana. Tulipozifungua tukajifunza jambo la kwanza: hakuna leza yoyote humo. Kinachotoka ni mwanga usioonekana kwa macho, ule ule wa rimoti ya televisheni, na fulana ina kidude cha kuupokea. Ukipatwa, fulana inatetema na kuwaka taa. Kama huamini, elekeza rimoti yako kwenye kamera ya simu kisha bonyeza. Simu nyingi zitakuonesha kitaa kikimeta. Jambo la pili: bunduki moja inakula betri 4 na fulana betri 3. Piga hesabu mwenyewe, ni 28, na za akiba juu yake. Muuza duka wa Darajani alituuliza kama tunafungua kituo cha redio.

Jambo la tatu ndilo lililotusumbua. Jua kali linaishinda ile mianga. Tulijaribu uani saa tisa mchana, ukimpiga mtu hatua nne mbele fulana haijui kitu. Wenye kumbi za giza hawana shida hii. Sisi tungesubiri jua lizame, lakini nani kwenye visiwa hivi anawaachia watoto 16 nje wakati wa Magharibi? Tumelelewa kuitwa ndani ikikaribia adhana, na tunawaita wetu vile vile.

Hapo ndipo tukalikumbuka pagale. Nyuma ya uani kuna nyumba ya kaka ambayo haijaisha: kuta za matofali zimefika juu, vyumba vinne, ukumbi, ushoroba katikati. Paa lipo upande mmoja tu, madirisha ni matundu. Kivuli kipo, pembe za kujificha zipo. Tulifurahi kama tumeokota dhahabu. Siku mbili tulifagia. Tuliokota misumari kwa sumaku ya spika mbovu, tukatoa mabanzi na vigae, tukatundika kanga kuukuu kwenye matundu ya madirisha kupunguza mwanga. Shimo la karo lilikuwa limefunikwa kwa mbao mbili tu; tukaliwekea bamba la bati, juu yake matofali, na kulizungushia kamba, kisha tukakubaliana kwamba mtu mzima mmoja atakaa hapo hapo tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kama keki inakatwa. Mkitaka kufanya sherehe ya aina hii mahali pa ujenzi, anzeni na shimo. Mapambo baadaye.

Ijumaa, siku moja kabla, tukawaita vijana wawili wa jirani, wa miaka 11 au 12, watujaribie. Mambo yalikuwa mazuri. Vishindo, vicheko, bunduki zinalia kwa ile sauti yake ya mlipuko. Sisi tumekaa kizingitini tunaandika dakika: raundi ya dakika tano, watoto wanne kwa mpigo, watoto wote 16 wamepita ndani ya nusu saa.

Bibi alitoka jikoni na beseni la nguo kwenda kuanika. Kijana mmoja alichomoka mlangoni mwa pagale mbio, akakutana naye uso kwa uso, akamnyooshea bunduki na kusema kwa mzaha, "Mikono juu!"

Bibi alinyoosha mikono.

Beseni lilianguka, nguo zikalala mchangani. Na sisi, Allah atusamehe, tulicheka. Tulidhani anacheza na mtoto, kwa sababu Bibi ni mtu wa utani. Tulicheka mpaka tukaona mikono haishuki. Yule kijana alishaiweka bunduki chini, anasema "Shikamoo Bibi, samahani Bibi," na Bibi bado mikono iko juu, anatazama mlango wa pagale kana kwamba kuna wengine watakaotoka.

Tulimshika, tukamkalisha, tukampa maji. Aliziokota kanga zake mwenyewe, akazisuuza upya, akaanika. Hakusema neno mpaka baada ya Isha.

Hapa lazima tukiri kitu. Tungepaswa kujua. Tangu tukiwa wadogo, kila sikukuu watoto wa mtaa walinunuliwa vibastola vya fataki, sisi tulinunuliwa vitu vyengine vyote isipokuwa hivyo. Tukilia, tunaambiwa nyumba hii haina bunduki. Tulidhani ni ubahili wa kelele. Tulikua, tukaolewa, tukazaa, hatukuwahi kumuuliza.

Usiku ule alituambia kidogo tu. Alikuwa na miaka 9, Januari ya mwaka 1964. Walikuwa wamejificha kwenye nyumba isiyokwisha ya jirani, na watu waliingia chumba baada ya chumba. Alisema, "Sauti za miguu kwenye nyumba tupu, wanangu, hazifanani na sauti nyengine." Hakutuambia nani alikuwa naye na nani alitoka. Akatikisa mkono, maana yake basi. Halafu akaongeza, "Siku ya mtoto msiiharibu kwa ajili yangu. Kesho nitakwenda kwa mdogo wangu Bububu, nitarudi mkishamaliza."

Alikuwa ameshafunga kifurushi chake.

Sasa ninyi mngefanyaje? Mmoja wetu alisema tuifute sherehe. Mwengine akasema kadi zimekwenda, mtoto amelala na fulana kifuani, na Bibi mwenyewe ameturuhusu. Tuligombana kwa kunong'ona jikoni mpaka saa sita usiku, na ni ugomvi ambao hatukuwahi kuugombana katika miaka yote ya uwifi. Yamesemwa maneno ya "mama yako" na "mama yangu" ambayo tumeshasameheana na hatuyarudii hapa. Mume wa mmoja wetu, alipoamshwa atoe uamuzi, alisema ni vitu vya kuchezea tu, akageukia ukuta. Lakini si vitu vya kuchezea tu kwa asili yake. Ukumbi wa kwanza wa mchezo huu ulifunguliwa Dallas, Marekani, mwaka 1984, na jeshi la Marekani lilikuwa tayari linafundishia askari wake kwa mitambo ya mwanga ya aina hii. Na dini yetu imekataza hata kwa mzaha kumwelekezea ndugu yako silaha, au kumtisha. Hilo tulilijua siku zote. Tulikuwa tumelipitisha kwa sababu ni plastiki ya rangi ya machungwa.

Alfajiri tulimwamsha kijana, tukamweleza kwa maneno ya mtoto: Bibi alipokuwa mdogo kama wewe aliona bunduki za kweli, na jana alidhani imerudi siku ile. Alifikiri sana. Akauliza, "Kwa hiyo akienda Bububu nani atanisomea dua?" Dua ya kila mwaka huisoma Bibi, mkono kichwani kwake. Tukasema hatujui. Akasema, "Basi zifunikeni."

Tuzifunike vipi? Mmoja wetu akaleta maboksi ya biskuti kutoka chumba cha kuhifadhia vitu. Ukiingiza bunduki ndani ya boksi, ukatoboa tundu mbele kwa mwanga na tundu chini kwa mkono, unabaki na kitu kama taa. Na taa hapa kwetu tunaijua: karabai. Ikawa wavuvi wa dagaa. Fulana tulizivua kwa watoto, tukazitundika kwenye kuta za pagale, moja kila chumba, tumezibandika mapezi ya karatasi ya manila. Hizo ndizo samaki. Watoto wanaingia na taa zao, wawili wawili, wanatafuta samaki, wanawamulika, samaki akitetema na kuwaka umevua. Sheria ilikuwa moja: hummuliki mtu. Ukimmulika mtu, mtumbwi wako umezama, unatoka. Mchezo uliendana hata na upungufu wa vifaa, maana wavuvi walikuwa wawili wawili kwa taa moja.

Bibi tulimwambia asubuhi, tukampeleka akaone kabla watoto hawajafika. Alizunguka vyumba vyote. Alishika boksi, akaligeuza, akachungulia tundu. Akauliza, "Na sauti?" Wallahi hatukuwa tumefikiria sauti. Bunduki ndani ya boksi bado inalia mlipuko ule ule. Tulizitoa zote, tukaziba vitundu vya spika kwa selotepu, tabaka tatu, ikabaki sauti kama ya mbu. Akasema haya. Kifurushi hakukifungua, lakini hakuondoka.

Msidhani ilikwenda kama picha za Instagram. Tulialika 16, wakaja 21, kwa sababu mtoto hachukuliwi sherehe akamwacha mdogo wake. Boksi mbili zilifumuka raundi ya pili, tukamaliza na tatu kwa kuwa moja ilishakanyagwa. Kanga ya dirisha la magharibi ilipeperuka na jua likaingia, samaki wa chumba hicho akawa havuliki, ikazuka kesi kubwa. Vijana wakubwa wawili walisema hii si leza tagi, na kweli si leza tagi. Mmoja alinuna kibarazani mpaka keki. Foleni ndiyo iliyotutesa zaidi. Watoto wa miaka 6 hawawezi kusubiri dakika kumi. Tungerudia tena, tungeweka rede na mdako upande wa pili tangu mwanzo, na si baada ya kuona wameanza kupigana mchanga. Wenye chini ya miaka 5 msiwaingize kabisa, wapeni ndoo na maji watafurahi.

Kitu kilichofaa sana ni saa. Watoto walifika saa kumi, baada ya Alasiri. Mchezo ukaisha saa kumi na moja na robo, kisha katlesi, sambusa, biriani kwa walioweza, juisi ya ukwaju, keki. Akina mama tulikuwa tumejitandikia mikeka chini ya mwembe, akina baba wamewaacha watoto mlangoni na kwenda zao barazani, hivyo tulikaa kwa raha zetu. Mgeni wa mwisho aliondoka kabla ya adhana ya Magharibi.

Bibi alikaa mkekani nasi, mgongo ameupa pagale, anamenya machungwa. Alimenya kama beseni zima. Kila watoto walipotoka mbio ndani kisu kilisimama, halafu kikaendelea. Hatukumwambia kitu. Dua aliisoma, mkono kichwani kwa kijana, ndefu kuliko ya mwaka jana, na watoto 21 wakaitikia amin kwa kelele za kupasua masikio.

Yule kijana wa "mikono juu" hakuja. Mama yake alisema anaona haya. Jioni, tunaosha sufuria, Bibi alitokea mlangoni mwa jiko, kifurushi cha Bububu bado kiko pembeni ya mlango wake, akauliza kama biriani imebaki. Alipakua mwenyewe sahani moja, akaweka na kipande cha keki, akaifunika kwa kawa. Akamwita mjukuu wake amshike mkono, wakatoka uani wakipita kando ya pagale, wanaelekea kwa jirani.