Nani Analipia Umeme wa Utafiti?

Ukitaka kumkasirisha profesa wa Kimarekani, achana na siasa na dini. Mwulize tu chuo chake kinachukua asilimia ngapi juu ya ruzuku yake ya utafiti. Atakutajia hamsini na tano, au sitini, kisha utakula naye chakula cha mchana chote akilalamika kwamba hajui hela hiyo inaenda wapi.

Mimi ni sehemu ya mahali inakokwenda. Katika chuo kikuu kimoja hapa Maryland, ofisi yetu ndiyo inayopokea maandiko ya miradi ya wahadhiri kabla hayajamfikia mfadhili. Tunakagua bajeti, tunaangalia kama kazi inahitaji kibali cha kamati ya maadili, tunapiga hesabu, halafu sisi ndio tunaotuma. Mhadhiri hatumi mwenyewe, maana ruzuku ya serikali ya Marekani kwa kawaida hupewa chuo na si mtu. Yeye ni mtafiti mkuu, kazi ni yake na jina ni lake, ila mkataba unasainiwa na chuo, na darubini inayonunuliwa ni ya chuo. Akihamia chuo kingine, mradi hauondoki naye mpaka waajiri wake wa zamani wakubali kuuachia na mfadhili naye aridhie.

Nimekuwa nikiulizwa na wahadhiri wa nyumbani Tanzania, hasa wanaofanya kazi ukanda wa Bagamoyo, "Huko wenzetu wanapataje hela?" Nadhani swali zuri zaidi ni hela ikishapatikana inalipia nini. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na watu wachache huizungumzia kwa sababu imejificha kwenye mstari wa mwisho wa bajeti.

Tuseme profesa wa hapa amepewa dola 100,000 kwa kazi yenyewe: wasaidizi, kemikali, safari. Chuo chenye kiwango cha asilimia 55 kinamdai mfadhili dola 55,000 nyingine juu ya hizo. Kuna vitu havihesabiwi: tangu Oktoba 2024, kifaa cha dola 10,000 au zaidi huondolewa kwenye hesabu, na fedha unayompa mshirika wa nje huhesabiwa kwa dola 50,000 za kwanza tu. Asilimia hiyo ndiyo inayolipa umeme, maktaba, mafundi wa maabara, wahasibu, watu wa maadili, na mshahara wangu. Kiwango chenyewe chuo hujadiliana na serikali, na kabla ya mjadala huo hata vyumba hukaguliwa ili ijulikane ni eneo gani hasa linatumika kwa utafiti.

Sasa ichukue hela hiyo hiyo ivuke bahari. Taasisi za Afya za Taifa za Marekani, NIH, zikiipa ruzuku taasisi iliyo nje ya nchi yao, kiwango ni asilimia 8. Haijalishi ni Nairobi, Muhimbili au Bagamoyo. Wazungu wa Ulaya ni waungwana kidogo: mpango wao mkubwa wa utafiti, Horizon Europe, unatoa asilimia 25 kwa kila mshiriki, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo vyuo vyake vinaweza kulipwa humo. Lakini asilimia 8 ndiyo iliyolea kizazi kizima cha miradi ya afya kwetu. Ni sawa na mwanakamati wa harusi anayelipia keki na muziki, kisha anasema suala la ukumbi mtajua wenyewe.

Anayelipia ukumbi ni Hazina, au halipii mtu. Ndiyo maana unaweza kuingia idara yenye gari jipya la mradi lenye stika ya mfadhili mlangoni, na ndani ya jengo choo hakina maji.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, kwa sababu mji ule umetafitiwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, Jafari Minjas na Zul Premji wa Muhimbili, pamoja na Clive Shiff wa Johns Hopkins hapa hapa Baltimore, walisambaza vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya Bagamoyo na kupima nguvu yake dhidi ya malaria. Chandarua chenye dawa anachokijua kila mama mjamzito wa Tanzania leo kimetokana na kazi za namna hiyo. Kazi ilikuwa bora. Ila ulikuwa mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Taasisi ya Afya Ifakara ilipita njia nyingine. Chimbuko lake ni maabara ndogo aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy kule Ifakara mwaka 1957, na kwa miongo mingi Uswisi ilitoa fedha isiyofungwa kwenye mradi mmoja: fedha ya kuiendesha taasisi yenyewe. Kwa hiyo ilipokuja fursa ya chanjo ya malaria, kulikuwa na wahasibu, mafundi na utaratibu tayari. Tawi la Bagamoyo likawa kimojawapo cha vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000. Kwa Tanzania kingine kilikuwa Korogwe. Baadaye Bagamoyo ikashiriki pia katika jaribio la chanjo ya R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili 2023. Wapo watakaosema Ifakara si chuo kikuu na wahadhiri hawawezi kujilinganisha nayo. Ni kweli, lakini si kwamba watu wake wana akili kuliko wahadhiri wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikuwa na mtu wa kulipa umeme.

Wasweden nao walifanya jambo linalofanana na hilo kwa vyuo. Tangu 1977 waliifadhili Tanzania katika utafiti, na wahadhiri wengi walisoma shahada ya uzamivu Sweden huku data yao ikitoka nyumbani. Mwanaakiolojia Felix Chami ni mmoja wao: alitetea tasnifu yake Uppsala mwaka 1994, ikiwa juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, na Kiwangwa, ambako wengi wetu tunakujua kwa mananasi, ni mojawapo ya maeneo aliyoyachimba.

Sasa nije kwenye karatasi, yaani vibali. Rafiki yangu ni mhadhiri wa chuo kimoja cha umma Dar es Salaam, na anafanya utafiti wa mwani kule Mlingotini, kwa akina mama ambao aina ya cottonii inawafia maji yanapopata joto, wanabaki na spinosum yenye bei ndogo. Ili azungumze na mama mmoja aliyesimama kwenye maji ya magoti, utaratibu unamtaka kwanza awe na barua ya chuo. Makamu mkuu wa chuo huitoa kwa niaba ya serikali. Barua za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bado hutaja waraka wa Julai 1980. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, Kibaha. Angalia ramani: Kibaha iko magharibi, kwenye barabara ya Morogoro, Mlingotini iko kaskazini, kwenye barabara ya Bagamoyo. Kibaha anapata barua ya wilaya, wilayani barua ya halmashauri, halmashauri barua ya mtendaji wa kata, mpaka mtendaji wa kijiji anapogonga muhuri na kuuliza, kwa haki kabisa, wale waliokuja mwaka juzi majibu yao yako wapi.

Hapa Marekani mhadhiri wangu haendi kwa mkuu wa wilaya yoyote. Lakini usidhani yuko huru. Anatangaza kila shilingi aliyopata nje ya kazi, kila uhusiano na chuo cha nchi nyingine, anafanya mafunzo ya maadili kwenye kompyuta na cheti kikiisha muda tunamfungia akaunti. Akiwapa washiriki wa utafiti kadi za zawadi za dola 20, kila kadi lazima iwe na namba na saini.

Kwenye hela ya safari ndipo rafiki yangu anaponichekesha na kunisikitisha pamoja. Anachukua masurufu, anakwenda uwandani, akirudi anatakiwa kuyarejesha kwa risiti. Nahodha wa ngalawa wa Mlingotini hana mashine ya EFD. Ana kalamu, akiwa nayo. "Dada, mhasibu kaniambia nimtafute nahodha mwenye risiti ya TRA," aliniandikia. "Nimwambie nini?" Nilimjibu atengeneze fomu yenye jina la nahodha, namba ya simu, kiasi, saini na saini ya mtendaji wa kijiji, na amwombe mhasibu aiidhinishe kabla ya safari. Ilikubalika, kwa sababu mhasibu naye alihitaji tu karatasi ya kumwonyesha mkaguzi.

Kuna jambo moja nyumbani tunawashinda. Profesa wa hapa mara nyingi analipwa na chuo kwa miezi 9 tu. Kiangazi anajitafutia, na Mfuko wa Taifa wa Sayansi, NSF, kwa kawaida haulipi zaidi ya miezi miwili ya mshahara wake kwa mwaka. Mhadhiri wa chuo cha umma Tanzania analipwa miezi 12. Tatizo ni kwamba wafadhili wengi, wakijua ana mshahara, hawaulipii muda wake, na hapo ndipo posho inapogeuka kuwa mshahara wa utafiti. Au anauacha utafiti akafanye ushauri elekezi kwa shirika la kimataifa, kazi ambayo Profesa Mahmood Mamdani aliikemea pale Chuo Kikuu cha Makerere tangu 2011, akisema inawafanya wasomi wajibu maswali ya watu wengine.

Fedha za ndani zipo, ingawa si nyingi. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ina mfuko wa MTUSATE. Rais Kikwete, mtu wa Msoga, si mbali na Bagamoyo, aliahidi kuifikisha bajeti ya utafiti asilimia 1 ya pato la taifa, na mwaka wa fedha 2010/11 zikatengwa shilingi bilioni 30. Kasi hiyo haikudumu. Kwa mambo ya bahari, jumuiya ya wanasayansi wa bahari, WIOMSA, iliyoanzishwa 1993 na yenye makao Zanzibar, imewapa wengi ruzuku yao ya kwanza ya maana. Serikali nayo imetangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa makala inayochapishwa katika majarida makubwa ya sayansi. Siidharau, lakini tuzo inamlipa aliyekwishamaliza. Aliyekwama kwa kukosa nauli ya Kibaha haimfikii.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka hata huku. Mwezi wa Februari NIH ilitangaza kwamba vyuo vya Marekani vyenyewe vitalipwa asilimia 15 tu juu ya ruzuku. Ofisini kwetu watu walilia kweli. Mahakama ya shirikisho Boston ikazuia. Tarehe 1 Mei ikaja habari nyingine: NIH inasimamisha fedha mpya zinazopita kwa chuo cha Marekani kwenda kwa washirika wa nje mpaka mfumo upangwe upya. Hiyo haikupigiwa kelele nyingi, maana walioumia wako mbali. Wanasheria waliandika kurasa na kurasa kueleza kwamba asilimia 15 haiwezi kuendesha maabara. Nilizisoma zote, nikiikumbuka asilimia 8.

Ningekuwa na sauti COSTECH, ningeomba vyuo vya Tanzania vihesabu gharama zao halisi, vikubaliane kiwango kimoja, na kiwekwe mezani kabla mkataba haujasainiwa. Wafadhili wengine watakataa, ila watakataa wakiwa wameiona hesabu. Wakati huo haujafika, hivyo namshauri rafiki yangu avihamishe vitu vinavyoweza kupimwa viingie kwenye gharama za moja kwa moja. Jokofu la sampuli za mwani amelifungia mita yake ya LUKU, na risiti za manunuzi ya umeme anaziambatisha kwenye ripoti. Mhasibu amemwandika kwenye bajeti kwa nusu ya muda wake, na majukumu yameorodheshwa. Mfadhili amepitisha yote mawili. Sasa wanabishana kuhusu mlinzi wa usiku, ambaye mfadhili anadai ni wa jengo zima, na rafiki yangu anadai kwamba bila sampuli zake jengo lile halina cha kuibiwa.