Siku Moja katika Msitu wa Kahuzi

Mtu wa Bukavu aweza kuutazama mlima Kahuzi maisha yake yote, asubuhi zisizo na ukungu, na asiukanyage hata mara moja. Mimi mwenyewe nilijifunza shuleni majina ya mito ya Ulaya, tena kwa fimbo, kabla sijaingia katika msitu ulio yapata kilomita 30 tu toka mjini kwetu. Nilipokuwa mwalimu nikaona haya. Basi, mwezi wa sita wa mwaka 2017, masomo yakikaribia kufungwa, niliwachukua wanafunzi 14 wa mwaka wa tano wa sekondari, tukaenda kuutembelea.

Tulitoka kabla ya jua kuchomoza, katika basi dogo la kukodi. Barabara huelekea kaskazini karibu na ziwa Kivu. Kisha, penye soko la Miti, twaiacha njia iendayo Kavumu na kukata kushoto, tukipanda kati ya mashamba ya majani chai. Mashamba hayo hukoma ghafula, kama nguo iliyokatwa kwa mkasi, na hapo ndipo msitu unapoanza. Kituo cha hifadhi chaitwa Tshivanga, nacho ki juu ya mita 2,000. Vijana waliovaa mashati mepesi ili waonekane nadhifu walianza kutetemeka, wakajuta.

Karani wa kituo alitueleza habari za mahali pale. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, aliyewazoesha gorila kuonekana na watu. Jina lake ni la milima miwili ya volkano zilizokwisha kuzimika: Kahuzi, wenye mita 3,308, na Biega, ulio mfupi kuliko huo. Mwaka 1975 mipaka ilipanuliwa mara kumi, ikashuka hata msitu wa mabondeni, ikawa kilomita za mraba 6,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika kati ya mali za urithi wa dunia. Na mwaka 1997, kwa sababu ya vita, iliiandika tena, safari hii kati ya zile zilizo hatarini.

Wanafunzi walitaka gorila. Karani akacheka. Wakati ule mwenye kwenda kuwaona alilipa fedha nyingi, tena mtoto aliye chini ya miaka 15 hakupelekwa, wala mtu mwenye mafua, kwa maana gorila huambukizwa magonjwa yetu na kufa kwayo. Sisi tulikuja kwa ajili ya mlima. Wakanung'unika kidogo, kisha wakanyamaza walipowaona wale watakaotuongoza: walinzi wawili wenye bunduki, na mzee mmoja mfupi mwenye panga, amevaa buti za mpira. Mzee huyo alikuwa Mtwa. Yeye ndiye aliyetangulia.

Njia ya Kahuzi ni nyembamba, ya kupita mtu mmoja mmoja. Mwanzoni mwaenda chini ya miti mikubwa iliyojaa kuvu na mimea itambaayo, na ardhi ni laini kama godoro. Baadaye huja mianzi, maelfu na maelfu, imesongamana hata mchana ukawa kama jioni. Majira ya machipukizi gorila huja hapo kula. Mzee alituonyesha mahali walipolala siku zilizopita: majani yamekunjwa na kulaliwa, mfano wa kiota kikubwa juu ya ardhi. Dume mzima aweza kukaribia kilo 200. Kijana mmoja, aliyekuwa hodari wa maneno tangu Bukavu, aliuliza kwa sauti ndogo kama mwenye kiota alikuwa mbali.

Mzee hakuwa msemaji. Lakini kila mara aligusa kitu kwa ncha ya panga lake, akakitaja kwa lugha yake, kisha kwa Kimashi, kisha kwa Kiswahili: gome hili la tumbo, majani haya ya kidonda, tundu lile la nyuki. Mimi mwalimu nilijikuta naandika kama mwanafunzi. Msichana mmoja akamwuliza:

— Baba, nani alikufundisha haya yote?

— Baba yangu. Tulikaa humu.

Hakuongeza neno. Tulikwenda tena kama nusu saa. Kisha akaiacha njia, hatua kumi hivi, akafyeka kidogo, akatuita. Chini ya majani palikuwa na mawe matatu, meusi, yamezama nusu ardhini. Mafiga.

— Mama yangu alipikia hapa, akasema. Siku walipotutoa nilikuwa mkubwa kama huyu, na akamwonyesha mdogo wetu kuliko wote.

Labda baadhi yenu hamwijui habari hiyo. Mimi sikuisoma katika kitabu chochote cha shule. Watwa walikuwa wakiishi katika msitu ule, wakiwinda na kurina asali. Ilipoundwa hifadhi, miaka ile ya 1970, waliondolewa pamoja na watoto wao, bila kuulizwa, wala hawakupewa ardhi nyingine. Maelfu yao wakawa maskwota pembezoni mwa mashamba ya watu, wakifanya vibarua. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba nchi yetu ilivunja haki zao kwa kuwafukuza. Tume ikataka warudishiwe ardhi yao. Mzee wetu hakuwa na habari za tume yoyote siku ile. Alisema hivi tu:

— Zamani niliijua njia hii bure. Sasa ninalipwa kuwaonyesha. Lakini jioni lazima nitoke, kama ninyi.

Mlinzi mmoja aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana mwema, na mimi simhukumu. Wenzake wengi wameuawa katika kazi hiyo. Nami sitasema, kama wasemavyo wengine, kwamba hifadhi haina faida: bila walinzi wale, nadhani mashamba yangalipanda hata kileleni. Katika vita vya 1996 na 1998 tembo wa sehemu ile ya milimani karibu wote walikwisha, na gorila wake walipungua hata nusu. Wachimbaji wa koltani walijaa msituni, nao walikula nyama ya porini. Lakini waliowamaliza tembo walikuja na bunduki za vita, si na mishale ya wazee wa mafiga yale.

Juu ya mianzi mlima huwa mkali. Miti hupungua kimo, ikavaa kuvu la kijivu lininginialo kama ndevu, na pumzi hukatika. Msichana yule yule aliketi akasema hawezi tena. Mzee akamkatia fimbo ya mwanzi, akamngoja bila kumhimiza, akainuka. Tulifika kileleni baada ya saa tatu na zaidi. Ukungu ulikuwa umefunika yote, na wanafunzi wakaona wamedanganywa. Tukala mikate yetu. Halafu upepo ukafungua dirisha upande wa mashariki, muda wa dakika chache, tukaliona ziwa, na Bukavu juu ya rasi zake, mji mzima mdogo kama kiganja. Kila mmoja alitafuta bati la nyumba yao, wakagombana kwa furaha. Mzee yeye alitazama upande wa pili, ambako msitu haukuwa na mwisho.

Tulishuka upesi, magoti yakiuma. Tshivanga mzee alirudisha panga ofisini, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akashika njia ya kwenda chini kupitia mashamba ya viazi ya watu. Hakutazama nyuma.

Penye soko la Miti basi letu lilisimama. Akina mama walikuwa wakiteremka kutoka pande za msitu, wameinama chini ya magunia ya makala, kamba kwenye paji la uso. Bei yake pale ni nafuu kuliko mjini. Dereva alinunua gunia moja, akalifunga juu ya basi. Yule msichana akauliza kwa sauti, wala hakumwuliza mtu fulani, makala yale yalichomwa wapi. Hakuna aliyemjibu. Nyumbani mke wangu alikuwa amenikumbusha mara mbili kwamba hatuna cha kuwashia mbabula, na gunia la pili juu ya basi lilikuwa langu.