Marigat: Asali, Mbu na Miiba ya Mathenge

Ukitoka Nakuru kuelekea Marigat, joto huanza kukupokea ukishapita Mogotio na mstari wa ikweta. Karibu na mji utaona chupa za asali zimepangwa kando ya barabara, na nyuma yake kijani kibichi hata wakati wa kiangazi. Mgeni hukisifu. Mwenyeji hunyamaza.

Ni mathenge, mti wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini. Uliletwa Baringo mapema miaka ya 1980 ili uzuie mmomonyoko na kuwapa watu kuni. Kuni zilipatikana, tusidanganyane. Lakini maganda yake ni matamu. Mbuzi huyala, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima na kuota mavi yanapodondoka. Ukiukata, kisiki huchipua. Huko Ng'ambo, kwa Wailchamus, umemeza malisho. Sukari ya maganda huozesha meno ya mbuzi, na wakazi walipoishtaki serikali mwaka 2006, walimfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi. Kichekesho, labda, kwa asiyefuga. Mbuzi asiyeweza kula nyasi hana maziwa ya mtoto.

Je, haya yangetabirika? Kwa sehemu kubwa, naam. Tangu 1997 Australia huupima mmea wa kigeni kwa maswali 49 kabla ya kuuruhusu kuingia. La maana zaidi, kwa maoni yangu, ni lile jepesi: umewahi kusumbua kwingine? Jamii ya mathenge ilikuwa imeshawasumbua wafugaji wa Australia hiyo hiyo kabla haijapandwa Baringo.

Lakini kuna lisiloonekana mapema. Mbu hawanywi damu pekee, hunywa pia maji matamu ya maua. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa katika vijiji vya Mali vilivyokata maua ya mathenge, mbu walipungua kwa zaidi ya nusu, hasa majike wazee. Hao ndio hatari, maana kimelea cha malaria huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Ua linalompa nyuki asali humpa mbu umri. Mali si Baringo, lakini mimi silali Marigat bila neti.

Mkienda na watoto, wavalisheni viatu vya soli ngumu. Ndala hazitoshi, mwiba wa mathenge hutoboa hata tairi. Mtoto akichomwa, toa mwiba, osha kidonda kwa sabuni na maji, kisha angalia kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Pakivimba, au kiungo kikikaza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ncha imebaki ndani.

Asali nunueni, ni nzuri. Ila aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe.