Maji, Kuni na Paa

Kazi ya akiolojia nilifundwa Olduvai, ambako wakati umejipanga tabaka juu ya tabaka: ukishuka korongoni, unarudi nyuma. Kusini mwa Peru nilikuta mambo mengine. Katika bonde la Pucuncho, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, upepo umefagia udongo, na ncha ya mkuki ambayo huenda ni ya miaka 12,000 imelala ubavuni mwa mfupa wa lama aliyekufa juzi.

Mimi nilikwenda huko baada ya njia kufunguliwa. Mwaka 1998 mwanaakiolojia Daniel Sandweiss na wenzake walieleza makazi ya wavuvi wa kale huko Quebrada Jaguay, pwani ya Pasifiki. Humo mlikuwa na obsidiani, kioo cheusi cha volkano, iliyotoka Alca, milimani, kilomita 130 hivi kutoka baharini. Mwanaakiolojia mwingine, Kurt Rademaker, akaifuata obsidiani hiyo hadi juu.

Kutafuta kwenyewe ni kutembea. Tulijipanga mstari mmoja, macho chini, tukipumua hewa ambayo oksijeni yake ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Wachungaji walitupita wakitafuna majani ya koka, wala hawakuhema. Asubuhi ndiyo saa yetu: jua likiwa bado chini, vibanzi vya obsidiani humeta. Tulianzia kwenye chemchemi na majani mabichi, kwa kuwa vikunya, jamaa wa mwituni wa lama, hunywa hapo, na mwindaji humfuata mnyama.

Lakini kibanzi kilicho juu ya ardhi hakina umri wa kupimika. Ndiyo maana pango la Cuncaicha, mita 4,480, lilikuwa na thamani kubwa: dari ina masizi, na sakafuni yamebaki makaa na mifupa ya kupimwa. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha watu walifika huko zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Mifupa ya vikunya ilikuwa ya kila kiungo, dalili kwamba waliwindwa karibu na mizoga yao kuletwa mizima.

Ubishi uliobaki ni kama waliishi humo au walipita tu. Kwa hiyo siku hizi kijana akiniletea picha ya ncha nzuri ya mkuki, simwulizi umri wake. Namwuliza maji yalikuwa wapi, kuni zipi ziliwashwa, na usiku walilala chini ya paa gani.