Ripoti ya Muhula Haiendi Nairobi

Hapa kwetu Rombo kuna jambo linalowatatiza wazazi wengi, na hata sisi wanafunzi. Je, mwenye alama mbaya kidato cha nne ndiyo basi tena, chuo kikuu atakisikia redioni? Wengi hudhani ripoti zote za muhula hufungwa kwenye faili zikapelekwa Nairobi. La hasha! KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, hutazama KCSE. Hata mtihani wa majaribio, unaotukosesha usingizi, hawauulizi.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, kwenye Rombo ile ya Tanzania, kazi za shuleni huingizwa katika matokeo yao ya kidato cha nne. Binamu yangu wa Tarakea hathubutu kukosa zoezi. Naye anayetaka vyuo vikubwa vya Marekani ataombwa ripoti za miaka yote minne.

Nayasema haya kwa sababu ya dada yangu, mtahiniwa wa mwaka 2023. Ripoti yake ya muhula wa kwanza ilikuwa C-. Baba aliikunja, akaitia mfukoni, akasema heri karo iliyobaki inunue mbegu za vitunguu. Mama kimya. Dada akapiga magoti, akasema, "Baba, naomba nimalize huu mwaka tu." Mzee akakubali shingo upande.

Matokeo yalitoka Januari 2024. Kiswahili A- (pointi 11), Dini B- (8), Jiografia na Kilimo C+ (7 kila moja), Biolojia C (6), Hisabati C- (5), Kemia na Kiingereza D+ (4 kila moja). Sasa sikiza, mwanachama mwenzangu, maana hapa ndipo penye utamu. Zamani Kiingereza na Kiswahili vyote vilihesabiwa lazima. Kuanzia mwaka ule wa 2023, inachukuliwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Dada akapata jumla ya 48, yaani C+. Kwa hesabu ya zamani, Kiingereza kingeingia na kusukuma nje moja ya zile saba. Angepata 45, C tupu, na mlango wa digrii umefungwa, kwa sababu C+ huanzia 46. Pointi tatu tu! Na kuna watu hapa shuleni wanaosema Kiswahili ni somo la kujazia.

Hakupata chaguo la kwanza, kwa kuwa vyuo hulinganisha pia masomo manne yanayohusika na kozi. Alipewa la tatu: ualimu, Kiswahili na Dini. Hiyo C- haikuulizwa na mtu.

Basi Baba akatangaza kwamba ripoti ni karatasi bure. Kumbe kitindamimba wetu yuko katika mfumo mpya, ambapo kuingia shule ya upili ya juu huhesabiwa KJSEA asilimia 60, KPSEA 20, na kazi za shuleni 20. Juzi nilimweleza hivyo. Mzee alifikiri kidogo, kisha akamwita mtoto alete mkoba wake.